Rangi Katika Neli Si Dawa

Katika maonyesho ya sayansi ya wanafunzi, ni nadra kukosa meza yenye majani ya mwarobaini au mlonge. Majani yamekaushwa, yametwangwa, yamechemshwa na kuchujwa. Maji yake yametiwa feri kloridi, nayo yamegeuka kijani kilichokoza mno. Kwenye karatasi iliyo mezani pameandikwa kwamba majani hayo yana tanini na kwa hiyo yanatibu. Ni hilo neno "kwa hiyo" nisilokubaliana nalo. Mzazi atokaye hapo akiliamini aweza kumnywesha mtoto mwenye homa maji ya majani, na kumchelewesha kufika zahanati.

Jaribio lenyewe ni halali. Lakini mwalimu na alirudie kwa majani ya chai ya dukani. Chai nayo itageuka rangi, maana ina tanini tele; tena kafeini iliyomo ndani yake ni alkaloidi, yaani mojawapo ya kampaundi za mimea zenye naitrojeni. Hata hivyo hakuna atibuye malaria kwa chai ya rangi. Nikotini ya tumbaku pia ni alkaloidi, nayo ni sumu. Jina la kundi, basi, halituambii kama jani linafaa au linadhuru.

Zaidi ya hayo, vipimo hivyo vyaweza kuipita dawa bila kuiona. Artemisinini, itokayo katika majani ya mmea uitwao Artemisia annua, ina atomu 15 za kaboni, 22 za hidrojeni na 5 za oksijeni. Haina naitrojeni, kwa hiyo si alkaloidi. Wala si tanini. Mwanafunzi mwenye vipimo hivyo viwili tu angeona rangi za vitu vingine vilivyomo katika jani, akaenda zake.

Aliyeipata, Tu Youyou wa China, alifuata njia nyingine. Yeye na wenzake waliwapa panya wenye malaria maji ya mimea mingi, wakaangalia kama vimelea vinapungua. Mmea huu ulifaulu mara moja, kisha ukashindwa. Ndipo aliporejea maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Moto haukutajwa. Tu alishuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Mwaka 1971 maji aliyoyapata yaliangamiza vimelea katika panya na nyani. Mwaka 1972 fuwele za artemisinini zikapatikana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa mseto za malaria za leo zimejengwa juu ya kampaundi hiyo.

Shule haiwezi kufuga panya wenye malaria, wala haitakiwi. Yaweza, hata hivyo, kugawa majani mafungu mawili: moja lichemshwe kwa maji, jingine lilowekwe katika spiriti baridi, mbali na moto. Kila kimiminika kidondoshewe kwenye karatasi ya kromatografia, na madoa yalinganishwe. Uandikwe pia mwezi wa kuchuma, na umri wa majani, kwa kuwa kiasi cha kampaundi hubadilika kwa mambo hayo. (Wapo waganga wa jadi wanaochagua hata saa ya kuchuma; wanafunzi wetu hawaulizi.) Asiwepo wa kuonja.

Kisha karatasi ya mezani iseme, kwa mfano: majani makavu gramu 20, yaliyochumwa Juni, spiriti mililita 100, siku mbili bila joto, madoa manne, na mawili kati yake hayakuonekana katika maji yaliyochemshwa. Uwezo wa kutibu haukupimwa.