Mcheza bugobogobo aachiwe jembe lake



Nina dukuduku juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo.

Sisi wacheza ngoma ya bugobogobo wa huku Nkololo, wilayani Bariadi, siku hizi tukialikwa kwenye sherehe tunaambiwa tuyaache majembe yetu. Mwaka jana kikundi chetu kilifika uwanjani, tukakuta tumeandaliwa majembe ya mbao nyepesi yaliyopakwa rangi moja, pamoja na fulana zenye jina la mfadhili. Eti ya kwetu hayafanani, yangeharibu picha. Tulicheza, lakini mimi ile naiita gwaride.

Asiyeijua bugobogobo atauliza, jembe na jembe yana tofauti gani? Ndugu zangu, huwezi kulirusha jembe juu, likazunguka, ukalidaka kwa kufuata mdundo, kama hujauzoea uzito wake. Ndiyo maana kila mmoja wetu hujichongea mpini. Wangu ni wa mkwaju, mti usiopasuka upesi. Niliuchonga kiangazi kizima, nikiupunguza kidogo kidogo upande wa kichwa mpaka ukakaa sawa mkononi. Kisha nikautia alama kwa chuma cha moto, na mahali pa kushikia nikazungushia ngozi ya mbuzi. Jirani yangu wake kautia waya wa shaba na shanga (kazidisha, lakini ni wake). Yatupe majembe yetu yote gizani, kila mtu atalipata lake kwa kupapasa.

Jambo hili haliko Usukuma tu. Wajapani wana mchezo uitwao kendo, wa kupigana kwa panga za mianzi. Kati ya mpini na mwanzi hukaa kisahani cha mviringo cha kukinga mkono, wenyewe wanakiita tsuba. Vya plastiki vinauzwa madukani kwa bei ndogo, lakini wapo wapenzi wa mchezo huo wanaojitengenezea vyao kwa ngozi na kuvitia nakshi waitakayo. Havimwongezei mtu pointi hata moja. Kanuni za mashindano zinataka kisahani hicho kisizidi upana wa sentimita 9. Basi hata kwetu, wahusika wakitaka kipimo cha jembe, watupe kipimo. Kuchonga watuachie wenyewe.

Tena tukumbuke ngoma zetu zilivyokuwa zikishindanishwa. Tangu karne ya 19, Ngika na Gumha walipoanzisha makundi ya Bagika na Bagalu, hakimu alikuwa mtazamaji. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, na lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo wachezaji walibuni kila namna ya vitu, hata sanamu za mbao, ilimradi watu wahame upande wa pili. Nani atahama kwa ajili ya majembe yaliyotoka katika kopo moja la rangi? Vifaa vya wazee wetu vimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, kule Kisesa, na ni vizuri vimehifadhiwa. Lakini mimi sijafa, na jembe langu halijawa la makumbusho.

Kuna kijana katika kikundi chetu ambaye alikuwa ameanza kuchonga mpini wake wa kwanza. Tuliporudi kutoka kwenye sherehe ile aliuacha nusu. Nilipomuuliza alinijibu, "Kaka, wa nini? Si tutapewa?"

Nawaomba maofisa utamaduni wa wilaya na mkoa wetu wa Simiyu wakae na mamanju wa vikundi kabla ya msimu ujao wa ngoma, baada ya mavuno, walizungumze suala hili. Fulana tutavaa. Majembe tutakuja nayo.

Mkulima na mcheza ngoma,
Nkololo, Bariadi.