Spika Kubwa Si Dawa ya Ukumbi Wetu



Nasikia kamati inataka kumaliza michango yetu ya mwaka kwa kununua spika kubwa za ukumbi wa muziki, eti za zamani hazina nguvu. Jamani, tusikimbilie. Wengine hela hiyo tumeipata kwa kufanya kazi usiku.

Ukumbi wetu dari liko juu mno, sakafu ni mbao tupu, madirisha hayana mapazia. Juzi tulipopiga taarabu sauti ilijaa kila kona, lakini maneno yalipandana, hatukuambulia kitu. Hapo tatizo si nguvu, ni mwangwi. Spika kubwa itauzidisha tu!

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya ambamo mhadhara haukueleweka. Mwalimu Wallace Sabine aliazima matakia ya viti ya ukumbi mwingine, akayaingiza humo. Kadiri alivyoongeza, mwangwi ukapungua.

Basi nasi tuanze na zulia na mapazia mazito. Hela ikibaki, tusitazame wati zilizoandikwa kwenye boksi. Tuulize: kwa wati 1, umbali wa mita 1, spika inatoa desibeli ngapi? Ya 90 inahitaji nusu tu ya wati za ile ya 87 kutoa sauti ileile. Halafu tuiazime, tuijaribu humu humu. Dukani kila spika ni tamu.