Miongozo ya matibabu ivuke mpaka wa Rombo

Mhariri,

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliziachia kaunti usimamizi wa zahanati na hospitali zake, na kwa hiyo Kaunti ya Kajiado ina nafasi ya kupendekeza ushirikiano na majirani kuhusu miongozo ya matibabu, yaani maelekezo yanayomwonyesha mhudumu hatua za kumpima, kumtibu na kumpa mgonjwa rufaa. Haja hiyo ni kubwa hasa Rombo, eneo la Kajiado linalopakana na Tanzania, ambako mfugaji mwenye kifua kikuu, ugonjwa unaotibiwa kwa kawaida kwa miezi 6, anaweza kuvuka kuingia Tanzania akifuata malisho kabla hajamaliza dawa. Inafaa wakuu wa afya wa Kajiado na wenzao wa Tanzania katika Wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro, waandike pamoja mwongozo mmoja wa rufaa, na nakala yake ifike hadi mji wa Kitengela, upande wa pili wa kaunti.

Msomaji,
Rombo, Kajiado