Kujitegemea si Kujitenga: Je, Shirika Dogo la Ndege za Jeti Laweza Kufaulu Peke Yake?

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga hao hao wakanena tena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hizi mbili zikikutana, mja hubaki njia panda. Njia panda hiyo ndiyo iliyoyakabili mashirika madogo ya ndege nchini Kenya kwa muda mrefu. Je, shirika lenye ndege chache za jeti, lisilo tawi la shirika kubwa wala mshirika wake, laweza kuruka peke yake na lisianguke kibiashara?

Huenda msomaji akadhani kuwa hili ni suala la matajiri, lisilowahusu wakazi wa Kibera na Kawangware. La hasha! Uwanja wa ndege wa Wilson uko jirani kabisa na Kibera, na ngurumo za ndege zinazopaa ni sehemu ya maisha ya mtaa huo. Aidha, wakazi wengi wa mitaa hii miwili wana asili ya magharibi mwa Kenya. Unapotokea msiba Siaya au Kakamega, aghalabu jamaa huchangishana nauli na kupanda basi la usiku. Hata hivyo, nauli ya ndege ya Kisumu ikishuka vya kutosha, mchango huo huo waweza kumfikisha nyumbani mzazi mkongwe kwa muda usiozidi saa moja. Jambojet ilipoanza safari zake mwezi wa Aprili 2014, ilitangaza nauli ya kuanzia shilingi 2,850 kwa safari ya kwenda tu. Kwa bei kama hiyo, ndege huacha kuwa anasa ya wachache. Kwa hivyo, shirika dogo linapokufa, hasara haiishii kwa wenye hisa. Ushindani hupungua, na mnyonge hurudi kwenye basi la usiku.

Historia yenyewe ina funzo. Mwaka 1929, Bi. Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways jijini Nairobi akiwa na ndege ndogo. Shirika hilo lilikuwa mali yake, lakini halikujitenga na wengine. Lilibeba barua na abiria na kuwaunganisha na safari ndefu za Imperial Airways ya Uingereza. Lililolikatiza ni Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ndege zake zilipochukuliwa kwa kazi ya kijeshi. Jina la mwasisi huyo ndilo linaloitwa uwanja wa Wilson hadi leo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Jetlink Express, shirika la Kenya lililoanzishwa mwaka 2004. Jetlink lilitumia ndege za jeti aina ya CRJ zenye viti 50 hivi, likasafirisha abiria kati ya Nairobi na Mombasa, Kisumu, Eldoret na Juba. Wateja walikuwepo, na safari ya Juba ilikuwa na faida. Balaa ikaja kwa mlango usiotazamiwa. Mwezi wa Januari 2012, Sudan Kusini ilisimamisha uchimbaji wa mafuta kwa sababu ya mgogoro wake na Sudan, nayo dola zikaadimika nchini humo. Pesa za tiketi zilizouzwa Juba, takriban dola milioni 2, zikakwama katika benki za huko. Ilipofika Novemba 2012, Jetlink likasitisha safari zake zote.

Wapo watakaosema kwamba Jetlink liliuawa na siasa za mafuta, wala si upweke wake. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini deni la mji mmoja liliweza kuangusha shirika zima?

Mosi, ndege ya jeti ina ulafi wa mafuta katika safari fupi. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni kilomita zisizofika 300 angani. Jeti hunufaika ikiruka juu sana kwa muda mrefu, ilhali katika safari hiyo haijatulia angani kabla ya kuanza kushuka. Ndege ya pangaboi hufanya kazi iyo hiyo kwa mafuta machache zaidi. Pili, gharama ya rubani, mafundi na kodi ya ndege ikigawanywa kwa viti 50, kila kiti hubeba mzigo mzito kuliko ikigawanywa kwa viti 100 au 150. Tatu, mafuta, vipuri na ukodishaji wa ndege hulipiwa kwa dola, hali abiria wa Kisumu hulipa kwa shilingi. Shirika la namna hiyo huishi bila akiba, na asiye na akiba huangushwa na dhoruba ya kwanza.

Nchi tajiri nazo zimeonja shubiri hiyo. Nchini Marekani, kampuni ya Atlantic Coast Airlines ilikuwa ikisafirisha abiria kwa niaba ya shirika kubwa la United. Mwaka 2004 iliamua kujitegemea kwa jina la Independence Air, ikitumia CRJ za viti 50 kutoka uwanja wa Dulles karibu na Washington. Nauli zilikuwa nafuu na ndege zilikuwa nyingi, lakini bei ya mafuta ilipanda na wapinzani wakashusha nauli zao. Tarehe 5 Januari 2006, kampuni hiyo ilifunga virago. Ndege zilezile zilizoleta faida chini ya mwavuli wa mkubwa zilileta hasara zilipotoka nje ya mwavuli huo.

Je, suluhisho ni kila mdogo kujisalimisha kwa mkubwa? Jambojet ni kampuni tanzu ya Kenya Airways, na Kenya Airways yenyewe hutumia jeti za kikanda aina ya Embraer kuwakusanya abiria wa safari zake ndefu. Mpango huo una nguvu. Lakini anga ikiwa na bwana mmoja, ni nani atakayemzuia kupandisha nauli? Fly540, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilisaidia kuzoesha umma nauli nafuu. Nayo ilitumia zaidi ndege za pangaboi, lakini mwaka 2022 safari zake zilikoma. Ni dhahiri basi kwamba kuchagua ndege inayofaa ni jambo la lazima, ila halitoshi.

Jibu la kufaa liko barabarani, katika matatu za Kawangware. Zamani mtu mwenye gari moja aliweza kufanya biashara peke yake. Injini ikiharibika, au gari likizuiliwa kituoni, familia yake ililala njaa. Mwaka 2010 serikali iliwaagiza wenye matatu kujiunga na vyama vya ushirika au kampuni, na kanuni za mwaka 2014 zikaweka kima cha chini cha magari 30 kwa kila kundi. Vyama hivyo vina kasoro zake, na malalamiko hayakosekani. Hata hivyo, gari limebaki kuwa mali ya mwenyewe. Kilichounganishwa ni zamu, akiba, mikopo na sauti mbele ya serikali. Huko ndiko kujitegemea pasipo kujitenga.

Mashirika madogo ya ndege ya Afrika Mashariki yangeweza kufuata mkondo huo. Yangenunua mafuta na vipuri kwa pamoja, yakatumia karakana moja na kuuziana viti, ili abiria wa Kisumu aendaye Mwanza akate tiketi moja. Jeti ndogo zingeachiwa safari za mbali zisizo na abiria wa kujaza ndege kubwa, nazo safari fupi zikapewa pangaboi. Serikali nazo zina wajibu. Soko la pamoja la usafiri wa anga barani Afrika lilizinduliwa mwezi wa Januari 2018, lakini soko huria halina maana ikiwa fedha ya muuzaji yaweza kufungiwa ng'ambo ya mpaka. Mikataba ya safari za ndege haina budi kulinda haki ya kurudisha mapato nyumbani.

Kwa muhtasari, shirika dogo la jeti laweza kufaulu likiwa huru, lakini haliwezi kufaulu likiwa pweke. Mwenye matatu wa Kawangware amekwisha kulielewa jambo hilo. Waliobaki kulielewa ni wenye ndege zinazopita juu ya paa lake. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.