Gemu za muziki zilizaliwa hadharani, mbona tunazificha kwa simu?

NGOJA nikuulize, msomaji. Ile gemu ya vigae vinavyoteremka, inayokufanya ugonge skrini mbio mbio wimbo ukisonga, umewahi kujiuliza ilitoka wapi? Unaicheza ndani ya matatu, waya masikioni, kichwa chini, na jirani yako hajui kama unapiga piano au unajibu meseji. Ukikosa kigae unaanza upya. Hakuna aliyeona.

Hapo kwa "hakuna aliyeona" ndipo nina neno nawe leo. Babu ya gemu hiyo alikuwa mashine yenye ukubwa wa kabati la nguo, taa zikimetameta, spika zikitikisa kifua, na iliwekwa mahali ambapo kila mpita njia alikuona. Ukikosa, ulikosa mbele ya watu. Ukipatia, umati ulikushangilia. Msimamo wangu ni kwamba huko kuonekana ndiko kulikuwa roho ya gemu hizi, na sisi tumebeba mishale na vigae tukaiacha roho nyuma.

Twende Japani kwanza.

Kumbi za gemu, ambazo Wajapani huziita gemu senta, zilishika moto baada ya kampuni ya Taito kutoa Space Invaders mwaka wa 1978. Ulikuwa unaingia na sarafu zako za yen 100, unatumbukiza moja, unacheza, unapoteza, unatumbukiza nyingine. Kama kawaida, wazee hawakufurahia. Sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 1984 iliziweka kumbi hizo kwenye kapu moja na biashara za starehe za usiku, na zikalazimika kufunga milango saa sita za usiku. Yaani kijana aliyekwenda kucheza gemu alitazamwa kama aliyekwenda kuharibikiwa.

Ikiwa umekulia mtaani Nairobi, Mombasa au Kisumu, hiyo hadithi unaijua vizuri. Banda la PlayStation lina jina baya hata kabla mlango haujafunguliwa. Mzazi akikosa mtoto nyumbani, huko ndiko anaanzia msako.

Kufikia katikati ya miaka ya tisini, kumbi za Japani zilikuwa zimejaa gemu za ngumi. Street Fighter II ilikuja 1991, Virtua Fighter ikafuata 1993. Ni gemu tamu, sikatai, lakini zilivuta zaidi wavulana, tena wale waliokuwa tayari kukaa kitako saa nzima kutafuta wa kumpiga. Kisha 1995 kampuni za Atlus na Sega zikaleta Print Club, mashine ya kupiga picha na kuzitoa kama vibandiko vidogo. Wasichana wa shule wakapanga foleni. Wenye kumbi wakafumbua macho: kumbe kuna watu wengi waliokuwa wanapita nje tu kwa sababu ndani hakukuwa na chao.

Mwaka uliofuata, Desemba 1996, mwanamuziki Masaya Matsuura na studio yake ya NanaOn-Sha walitoa PaRappa the Rapper kwa PlayStation. Mbwa mwembamba kama karatasi, aliyechorwa na Mmarekani Rodney Greenblat, anajifunza kurapu. Mwalimu anatoa mstari, wewe unaurudia kwa kubonyeza vitufe kufuata mdundo. Wengi huitaja kama gemu iliyofungua njia kwa aina hii yote. Lakini hiyo ilikuwa gemu ya sebuleni. Kilichonipendeza mimi kilitokea mwaka mmodi baadaye, na kilitokea nje.

Desemba 1997 Konami ilitoa Beatmania. Hebu ipige picha: vitufe vitano vilivyopangwa kama piano, vitatu vyeupe na viwili vyeusi, na kando yake kisahani cha kuzungusha kama cha DJ anayekwaruza santuri. Kwenye skrini vijistari vinateremka. Kikifika chini, bonyeza. Ukimaliza wimbo kipimo chako kikiwa juu ya alama iliyowekwa, unaendelea. Kikiwa chini, kwisha habari yako, tafuta sarafu nyingine.

Ujanja ulikuwa kwenye sauti. Kila kitufe kilibeba kipande cha wimbo wenyewe: besi hapa, pigo la ngoma pale, sauti ya mwimbaji kule. Ukibonyeza kwa wakati, kipande kinalia. Ukilala, wimbo unatoka na pengo na walio karibu wote wanalisikia. Kwa hivyo hukuwa unacheza kando ya muziki. Sehemu ya wimbo ilikuwa mikononi mwako, na ukumbi mzima ulijua kama umeitunza. Na nyimbo zenyewe zilikuwa hip hop, rege, hausi: muziki wa madisko, sasa uko chini ya vidole vya mwanafunzi aliyebeba mkoba wa shule. Mashine hiyo ilitamba kiasi kwamba Konami ilikata jina lake na kulifanya la familia nzima ya gemu zake za muziki: Bemani.

Halafu 1998 ikaja ile ambayo hata wewe huenda umeiona kwenye filamu au ndani ya jumba la maduka: Dance Dance Revolution. Vitufe vya mkononi vikaisha. Sakafu yenyewe ikawa kidhibiti, mishale minne: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Mshale ukipanda na kufika juu ya skrini, unaukanyaga. Wachezaji wawili walisimama bega kwa bega, migongo yao ikiwaelekea watu.

Jiweke hapo, msee. Uko ndani ya ukumbi uliojaa, hujui kudansi, na kuna wimbo wa kasi wa kundi la Smile.dk kutoka Uswidi unaotoka kwa spika. Huna pa kujificha. Lakini una kisingizio, na hicho ndicho kitu kitamu: hudansi, unafuata mishale tu. Mashine inakuamrisha, wewe unatii, na kabla wimbo haujaisha mwili wako umefanya mambo ambayo usingeyafanya harusini hata kwa kusukumwa. Wapo walioshika kile chuma cha nyuma ili wapate pointi nyingi bila kuchoka. Wapo walioziacha pointi, wakajigeuza kuwatazama watu na kudansi kwelikweli, mikono, mabega na yote, huku miguu ikigusa mishale ileile. Hawa wa pili hawakuwa wanashindana na mashine tena. Walikuwa wanatumbuiza.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Pop'n Music ya 1998 ilikuwa na vitufe tisa vikubwa vya rangi, na watu kadhaa wangeweza kujipanga mbele yake na kugawana kazi: wewe shika hivi, mimi hivi. Mwaka wa 1999 zikaja GuitarFreaks yenye gitaa na DrumMania yenye ngoma, na punde Konami ikaruhusu mashine hizo mbili kuunganishwa. Ungeweza kuwa unapiga gitaa na mtu usiyemjua akapanda kwenye ngoma, mkawa bendi kwa dakika mbili, halafu kila mtu akaenda zake. Mwaka huohuo Sega ilitoa Samba de Amigo, unatikisa kayamba mbili kama mwehu, nayo kampuni ya Andamiro ya Korea Kusini ikatoa Pump It Up, gemu ya kudansi iliyopendwa sana Amerika ya Kusini. Mwaka wa 2001 Namco ikachukua ngoma kubwa inayopigwa kwenye sherehe za Kijapani na kuitia kwenye mashine ya Taiko no Tatsujin. Rangi nyekundu, piga katikati. Rangi ya buluu, piga pembeni. Bibi anaweza kucheza na mjukuu bila maelezo marefu.

Sasa tazama miaka hiyo minne hivi, tangu 1997 hadi 2001. Watu wale waliobuni mashine hizi walikuwa wanajibu swali moja: utamfanyaje mgeni asimame mbele ya wageni wenzake na kufanya muziki? Kila mashine ilikuwa jibu tofauti. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu akisema zilikuwa gemu za kubonyeza vitufe kwa wakati. Kubonyeza kwa wakati unaweza kukufanya popote. Kinachohitaji mashine kubwa kama kabati ni ujasiri.

Basi ilikuwaje tukafika kwa simu? Polepole, na kila hatua ilikuwa na mantiki yake. Dance Dance Revolution ilipata toleo la PlayStation lenye mkeka wa kukunja, ikaingia nyumbani. Mwaka wa 2005 Marekani ikapata Guitar Hero, na leo ukimuuliza mtu nani alibuni gemu ya gitaa la plastiki atakutajia hiyo, ilhali GuitarFreaks ilitangulia kwa miaka sita. Guitar Hero ilivuma, kisha Activision ikavunja kitengo chake mwaka wa 2011. Kumbi zenyewe zikaanza kukonda. Sega, iliyoendesha kumbi kwa miongo mingi, iliuza sehemu kubwa ya biashara hiyo mwaka wa 2020 corona ilipopiga. Mdundo ukahamia mfukoni mwako.

Utaniambia simu ni rahisi. Kweli kabisa. Ukumbi wa gemu haukuwa wa bure, na sarafu za yen 100 huisha haraka kuliko bando. Utaniambia pia kwamba si kila mtu anapenda kutazamwa. Hiyo nayo ina uzito, na historia ya kumbi hizo inakuunga mkono. Kila toleo jipya la Beatmania na ndugu zake lilikuja na nyimbo ngumu zaidi ili kuwaridhisha mabingwa, na mgeni aliyekuja baada ya miaka michache aliona vidole vinavyoruka kama cherehani akaona heri arudi nyumbani. Umati unaweza kukubeba, na unaweza pia kukufukuza. Jukwaa lisilo na nafasi ya anayeanza hugeuka kuwa klabu ya wachache.

Lakini dawa ya jukwaa baya ni jukwaa zuri, msomaji. Kujifungia hakujamsaidia mtu kushinda aibu. Na aibu ni kitu tunachokijua sana kizazi chetu. Tunarekodi dansi chumbani mara thelathini, tunafuta ishirini na tisa, tunaweka moja mtandaoni, tunahesabu mioyo. Aliyesimama juu ya mishale minne mwaka wa 1998 hakuwa na cha kufuta. Alikosea, watu wakacheka, akacheka nao, wimbo ukaendelea. Hiyo ni shule ambayo simu haijawahi kutupa.

Kuna wakubwa walioona faida yake pia. Mwaka wa 2006 jimbo la West Virginia, Marekani, lilitangaza mpango wa kuingiza Dance Dance Revolution katika shule zake za umma ili watoto wanene wapate mazoezi. Gemu, ile inayodaiwa kuharibu watoto, ikaingia shuleni kama somo la michezo!

Kwa hivyo sitakuambia ufute gemu yako. Nitakuambia uitoe nje. Kuna programu ya bure inayoitwa StepMania, imekuwepo tangu 2001, inayofanya kazi kama zile mashine za kudansi, na inakuruhusu kupanga mishale yako mwenyewe juu ya wimbo wowote. Kompyuta moja, spika moja, mkeka mmoja wa kukanyaga au hata kibodi tu, na ukumbi wa kanisa au wa shule Jumamosi mchana. Mwenye banda la PlayStation anayelalamika kwamba wateja wake ni walewale vijana kumi wa kandanda, naye ajifunze kwa wenye kumbi wa Japani walioshtuliwa na mashine ya vibandiko: weka kitu ambacho dada yake mteja anaweza kukipenda, uone.

Na ukishapanga mishale, usiishie kwa nyimbo za ng'ambo. Namco haikuona haya kuchukua ngoma ya sherehe za kwao na kuifanya gemu. Sisi tuna isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Tuna gitaa la benga linalokimbia kiasi kwamba kidole chako kitaomba likizo. Mwanafunzi wa programu za kompyuta anayesoma hapa, kazi ni hiyo, wala hahitaji ruhusa ya mtu kuanza kujaribu. Akiimaliza, asiiweke kwanza kwa simu. Aiweke mahali penye watu, aongeze sauti, kisha amtafute yule aliyesimama pembeni kabisa akijifanya anatazama saa, amwambie zamu ni yake.