Mdundo Una Wenyewe

Muziki wa kizazi kipya wa Afrika Mashariki umekua kwa kuazima. Bongo Fleva imechukua kutoka hip hop ya Marekani, dansehall ya Jamaika na, katika miaka ya karibuni, amapiano ya Afrika Kusini. Singeli imechukua kutoka mchiriku, segere na taarabu, na taarabu yenyewe ilichukua kutoka Misri na Bara Hindi. Kuazima hakumpunguzii msanii hadhi. Kinachompunguzia ni kuazima na kunyamaza, na ukimya huo huzidi pale mwenye mali anapokuwa jirani asiye na sauti: mzee wa ngoma kijijini, au mpiga kinanda wa uswahilini.

Historia ya taarabu yatosha kuonyesha kwamba kuazima na kutaja vyaweza kwenda pamoja. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, hutajwa kuwa ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim jijini Cairo akajifunze kupiga ala ya kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, akaimba kwa Kiswahili muziki uliokuwa umezoeleka kwa Kiarabu. Jina lake liliandikwa juu ya santuri, Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na hata waliofuatana naye, akina Mbaruk Talsam na Subeit bin Ambar, wanafahamika hadi leo. Kama majina hayo yasingeandikwa mapema, taarabu ingebaki kuwa muziki wa wazee fulani wa zamani, bila uso wala ukoo.

Singeli inaonyesha upande wa pili. Ilikulia Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani zinazokesha. Mzizi wake mmoja ni mchiriku, uliopigwa kwa kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika ya honi, sauti ikikwaruza huku ngoma zikijibizana chini yake. Mzizi wa pili ni taarabu ya kisasa. Prodyuza huusikiliza wimbo wa taarabu mpaka apate mahali ambapo mwimbaji ananyamaza na kinanda kinabaki peke yake. Hapo hukata kipande cha sekunde chache, akakifanya kijirudie, kisha akaongeza kasi hadi mapigo yapite 200 kwa dakika. Juu yake huweka ngoma, na mghani akamwaga maneno kana kwamba havuti pumzi.

Kazi hiyo inataka sikio kali na mkono mwepesi, na waliojipatia jina kwayo, kama Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila, wamelitolea jasho. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na singeli ikapata wasikilizaji hadi Ulaya. Hata hivyo, yule aliyekipiga kile kipande cha kinanda kinachojirudia wimbo mzima mara nyingi hatajwi popote. Vidole ni vyake, lakini jina lake halipo.

Haiwezi kusemwa kwamba wasanii hawajui kutaja. Mwaka 2023 Diamond Platnumz alitoa wimbo wa Komasava wenye mdundo wa amapiano, na majina ya washirika wake, Khalil Harisson na Chley, yakaandikwa pamoja na lake. Hivyo ndivyo inavyopasa. Swali ni kwa nini uungwana huo husahaulika mdundo unapotoka karibu. Msanii wa Johannesburg ana meneja, mkataba na wakili. Mpiga ngoma wa Mkuranga hana hata kimoja. Heshima inayotolewa kwa kumwogopa wakili haijawa heshima bado. Heshima ya kweli humfikia pia yule asiyeweza kushtaki.

Mfano mwema upo katika ukoo wa Zawose wa Dodoma na Bagamoyo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyebobea katika ala za ilimba na zeze, aliufikisha muziki wa kwao hadi Ulaya, na mwaka 1996 lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake ya Chibite. Alifariki mwaka 2003. Katika ukoo wake wanawake walizoea kuimba kiitikio na kupiga ngoma ya muheme, huku wanaume wakishika mbele. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens, kupitia lebo ileile. Hiyo ni habari kubwa. Waliokuwa kiitikio sasa wana jina juu ya jalada, na msikilizaji wa mbali anajua kwamba sauti zile zinazopishana ni za Wagogo. Inasikitisha kwamba habari kama hiyo hupita kimya katika redio nyingi za nyumbani, wakati ugomvi wa mastaa wawili hujadiliwa wiki nzima.

Hasara ya kutotaja huonekana baadaye, wakati ambapo haitengenezeki tena. Wimbo wa Malaika, uliovuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya kisha ukaimbwa duniani kote na Miriam Makeba na wengine, hadi leo unabishaniwa mtunzi wake. Wapo wanaomtaja Adam Salim. Solomon Linda alirekodi Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini, ilhali wimbo huo ulikuwa umegeuzwa The Lion Sleeps Tonight na kuwatajirisha wengine. Warithi wake walifika mahakamani mwaka 2004 kuidai kampuni ya Disney, iliyoutumia katika filamu ya The Lion King, na wakapata suluhu mwaka 2006. Mwenyewe hakuiona.

Wapo wanaojibu kwamba ngoma za asili hazina mtunzi, hivyo hakuna wa kutajwa wala kulipwa. Jibu hilo halisimami. Kwanza, kitu cha wengi si kitu cha ovyo: msikiti, kisima na njia ni vya wote, na kila kimoja kina adabu yake. Pili, hata kama wimbo ni wa kabila zima, aliyeupiga siku ile mbele ya kinasa sauti ni mtu mmoja mwenye jina, na upigaji wake una haki. Ndiyo maana sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 huitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, hakishiriki zikiwa ni pamoja na haki za wapigaji, nayo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Kenya nayo ilipitisha sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016. Sheria zipo, kinachopungua ni mazoea ya kuzitii.

Mazoea hayo hujengwa na watu watatu. Wa kwanza ni prodyuza. Anapokata kipande cha wimbo wa mtu, aandike papo hapo kimetoka wapi na nani alikipiga, kisha aombe ruhusa na kukubaliana malipo kabla ya kuutoa wimbo. Akiingia kijijini na kinasa sauti, aondoke na majina kamili ya wapigaji, jina la ngoma na mahali ilipopigwa, si sauti peke yake. Wa pili ni mtangazaji. Sekunde tano za kusema kwamba biti hii imejengwa juu ya kinanda cha fulani haziharibu kipindi, na humfundisha kijana kwamba muziki wake una ukoo.

Wa tatu, na mwenye nguvu kuliko wote, ni shabiki. Yeye ndiye anayenunua tiketi, anayesikiliza na anayesambaza, na soko humfuata anakoelekea. Shabiki mwema huuliza mdundo umetoka wapi, humtafuta mwenyewe akamsikiliza, na humdai msanii anayempenda awe muungwana. Akihudhuria tamasha la Sauti za Busara pale Unguja, au ngoma ya arusini mtaani kwao, alipe kwa moyo uleule anaotumia kumlipia staa. Kumpenda msanii ni pamoja na kumtaka alipe deni lake, kwa maana wimbo uliojengwa juu ya jasho lisilotajwa utakuja kuulizwa, na siku hiyo huenda wa kujibu asiwepo.