Kisiagi cha Maji Si cha Kupigia Selfi

Wasee, kuna trendi imeingia na lazima tuiongelee. Mtu wa Nairobi ananunua shamba kando ya mto huko Murang'a ama Kirinyaga, anapata kisiagi cha zamani cha maji kimeanguka paa. Anakirekebisha, anaweka kioo ukuta mzima, kitanda kikubwa na jakuzi. Halafu kinaingia Airbnb. Droni inapaa, muziki laini, na sisi wote tunaweka moyo. Mimi siweki.

Sina shida na mtu kurekebisha jengo kuukuu. Likiachwa, majani yatalimeza. Shida ni vile mnafufua kuta halafu mnafungia watu nje.

Hivi visiagi havikuwa mapambo. Miaka ya 1930, wakulima wa Kati na Magharibi walijenga vyao kwa pesa yao. Mfereji ulitoa maji mtoni, maji yakazungusha gurudumu, gurudumu likazungusha jiwe, mahindi yakawa unga. Hiyo ilikuwa biashara ya Mwafrika wakati Wakikuyu wengi hawakuruhusiwa hata kupanda kahawa. Baadaye dizeli ikaja, magurudumu yakasimama. Na leo dizeli ikiisha ama stima ikipotea, shosho anarudi nyumbani na gorogoro yake ya mahindi vile alitoka nayo.

Sasa chukua hicho kisiagi, kizungushie seng'enge mpaka kwa maji. Njia ambayo watu wamepitia kuchota maji na kunywesha ng'ombe miaka yote inaishia kwa geti na bango la mbwa mkali. Boss, ulinunua shamba, hukununua mto. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaweka mito kwa ardhi ya umma. Na kanuni za maji zinataka mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni ziachwe bila majengo. Mei 2024, baada ya mafuriko, tingatinga zilibomoa nyumba za watu Mathare na Mukuru, sababu eti ziko karibu na mto. Kama mabati ya Mathare ni hatari, jakuzi ya Murang'a nayo ni nini?

"Lakini wanaleta kazi." Kazi gani? Mlinzi mmoja, mama mmoja wa kufua mashuka, na mimi wa kupiga video. Ndio, nilipigiwa simu. Siku mbili, chakula na malazi juu, na pesa ya kulipa kodi ya nyumba mwezi mzima. Nikauliza kama majirani bado wanapita kwenda mtoni. Nikaambiwa wageni wanataka praivasi. Hiyo kazi nikaiacha. Na mnajua niliacha chuo sababu ya karo, kwa hivyo msidhani nina pesa ya kuchezea.

Na usiniambie hakuna njia ingine ya kutumia mto. Kule Mbuiru, upande wa Mlima Kenya, wanakijiji walijenga mtambo mdogo wa maji wa Tungu-Kabiri. Ni kilowati 18 tu. Walichimba na kubeba wenyewe, na mtambo ukawa wao, wa kuendesha kazi ndogo ndogo za kijiji. Hao hawakuwa na pesa ya jakuzi. Wewe unayo, na gurudumu lako linazungusha nini? Hewa, ili mgeni apate picha poa.

Unataka nyumba ya likizo? Jenga, lakini panda juu kilimani, mbali na ukingo. Acha njia ya mto wazi, upana wa ng'ombe wawili kupishana. Na kama umerekebisha gurudumu, lisage. Majirani walete mahindi, walipe kitu kidogo cha kukarabati mawe, na mgeni wako aamke asikie kisiagi kikifanya kazi yake. Hiyo hata mimi nitakuja kuipiga video, na bei tutaelewana.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, kabla hujakubali hiyo kazi, tafuta njia ya mtu mwenye mtungi. Kama haionekani kwa video, muulize mwenye shamba imeenda wapi.